Duara la mikoko iliyokauka: ni radi au ni sumu?

Swali: "Assalamu alaikum Daktari. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko upande wa Mkanda, Lamu. Wakati wa matlai ilinyesha mvua kubwa usiku, ngurumo zikapiga mpaka karibu na alfajiri. Wiki chache baadaye tulipokwenda kwenye kitalu tuliona mikoko imekauka mahali pamoja, imesimama vile vile, duara la kama hatua 15 kutoka ukingo hadi ukingo. Mmoja wa katikati umechanika ganda. Nje ya duara miti ni mibichi kabisa. Vijana wanasema ni mafuta ya meli au sumu ya uchimbaji wa bandari. Mzee mmoja anasema ni radi, na kwamba kuni zake zisiingie nyumbani kwa sababu umeme unabaki ndani ya mti na utaita radi nyingine. Mwenyekiti wetu anataka tukate boriti tuuze, tupande upya kabla mfadhili hajaja. Je, radi inaweza kuua miti mingi hivi kwa pigo moja? Bahari na samaki je? Na sisi tunaokwenda huko kwa mtumbwi, simu mkononi, tuna hatari gani?"

Waalaikumu salamu, dada yangu. Nikisoma swali lako naona kuwa radi ndiyo ndogo, mzozo ndio mkubwa. Vijana wameshampata wa kumlaumu, mzee ametoa onyo lake, na mwenyekiti anahesabu siku za mfadhili. Basi nitangulize jibu, maelezo yafuate. Kwa ulivyolieleza hilo duara, mimi niko na mzee: ni radi, karibu hakika. Habari ya kuni ndiyo sikubaliani naye. Na kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako yote ni panga la mwenyekiti.

Maduara ya aina hii si mageni kwa watu wanaochunguza mikoko. Yameandikwa habari zake Florida, Australia na kwingineko, na ukiyatazama kutoka angani unaona matundu ya mviringo katikati ya kijani. Mengi yana upana wa mita 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo hatua zenu 15 zimo humo humo. Alama zake karibu zote ni zile zile ulizozitaja bila kuulizwa: miti imekufa ikiwa imesimama, imekufa pamoja, aina zote zimeguswa bila kubaguliwa, na mpaka kati ya mfu na mzima ni mkali kiasi kwamba mtu anaweza kuukanyaga.

Sasa pigo moja linauaje miti mingi? Twende juu kwanza. Wingu la ngurumo hupanda kilomita 10 na zaidi, na huko juu, hata kwetu hapa karibu na ikweta, ni baridi ya barafu. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kwa nguvu ikibeba chembe ndogo za barafu. Chembe nzito zaidi, zile zinazoelekea kuwa mvua ya mawe, zinabaki nyuma au zinashuka. Njiani zinagongana, na katika kugongana zinagawana chaji: zile nyepesi huenda juu na chaji chanya, zile nzito hubaki sehemu za chini na chaji hasi. Mgongano mmoja si kitu, lakini ikipigwa mamilioni kwa mamilioni, wingu linajaa. Chini yake, nchi na bahari na kila kilichosimama juu yake hukusanya chaji ya kinyume.

Hewa ni mpitishaji mbaya wa umeme, kwa hiyo inazuia, inazuia, mpaka inashindwa. Hapo njia inaanza kufunguka kutoka winguni kuja chini kwa hatua, kila hatua kama mita 50, ikigawanyika matawi kama mizizi ya mkoko inavyoshuka kutafuta tope. Njia hiyo haina shabaha. Ikibaki makumi ya mita tu kabla ya kufika, ndipo vilele vya chini vinapoanza kuipokea: mti uliozidi wenzake, mlingoti, mnara wa simu, kila kimoja kinarusha cheche yake kwenda juu. Itakayogusana nayo mwanzo ndiyo iliyopigwa. Mara moja unapita mkondo wa kawaida wa ampea 30,000 hivi, na hewa iliyomo ndani ya njia hiyo inafika nyuzi joto 30,000, kama mara tano ya uso wa jua. Hewa hiyo inapotanuka kwa ghafla ndipo tunaposikia ngurumo.

Mti uliopokea hubeba mkondo huo kwenye maji yake. Maji yanageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua, ganda linapasuka. Huo ndio mti wenu wa katikati. Lakini umeme hauishii hapo. Mikoko imesongana, matawi yameshikana, na pale ambapo hayakushikana umeme unaruka uwazi mdogo na kuingia kwa jirani, na kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani wa jirani. Hao majirani hawapasuki. Nje utawaona wazima. Kilichoharibika ni nyama hai ya ndani inayopandisha maji, na mti ulioharibika hapo huchukua wiki, hata miezi, kabla ya majani kuwa ya kahawia na kupukutika. Hapa ndipo watu wengi hupotea: dhoruba imesahaulika, ndipo miti inapoanza kufa, na mtu hutafuta sababu katika mambo ya wiki ile.

Huko Panama, kwenye kisiwa cha Barro Colorado, watafiti walifunga kamera na vipima umeme msituni ili wajue kila radi imepiga wapi, kisha wakawa wanarudi kuhesabu. Waliona kwamba pigo moja hudhuru miti zaidi ya 20 kwa wastani, na mitano hivi hufa ndani ya mwaka. Mingi haikuwa na jeraha lolote la kuonekana kwa macho. Huo ni msitu wa nchi kavu, nao una miti ya kila kimo. Kwenye mikoko, ambako kimo ni kimoja na matawi yamefumana, duara lenu halinishangazi hata kidogo.

Nije kwa vijana, kwa sababu hofu yao si ya kudharauliwa. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Wana haki ya kuangalia. Ila madhara ya namna hiyo yana sura yake. Mafuta huja na maji, kwa hiyo hufuata mstari wa maji kujaa. Yataacha weusi kwenye mizizi, yote kwa kimo kimoja, na yataanzia ukingo wa mkondo kabla ya kuingia ndani. Tope la uchimbaji au la mafuriko hufukia mizizi ya kupumulia ya mchu na mlilana, aina mbili za miti ya mikoko, na mti hukosa pumzi taratibu. Ndivyo ilivyokuwa Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: eneo kubwa, lililofuata njia ya tope, wala halikuwa na umbo la duara. Wadudu watoboao miti huchagua, hasa mlilana, wakaiacha mingine. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachochora duara katikati ya msitu na kupasua ganda la mti mmoja. Na kama siku moja mtataka kuidai bandari kwa jambo la kweli, madai yenu yatakuwa na nguvu zaidi ikiwa hamkuibebesha na la radi.

Msinichukulie kwa neno tu. Nendeni maji yakipwa muangalie vitu vinne. Pandeni macho kwenye mti wa katikati: mpasuko wa radi mara nyingi ni ufa mrefu wa kushuka, au ganda lililobanduka vipande, na kuni ya ndani ni safi, haijaliwa. Inama utazame mizizi: haina mafuta? Haijafukiwa? Kwangua ganda la mti uliokauka kwa ukucha; chini yake pamekuwa kahawia, na kwa mti wa nje ya duara pako kijani. Mwisho tazama mchu wa ukingoni, kama upo. Mchu una tabia ya kuchipua tena kutoka kwenye shina hata baada ya kuumia vibaya, na mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu inayoshuka kutoka shinani, ukiwa wa makamo hauna uwezo huo. Ukiona mchu unatoa vichipukizi na mikoko jirani yake imekufa kabisa, picha imekamilika.

Habari ya kuni ni fupi. Umeme wa radi haukai. Unapita na kwisha kabla hata sekunde haijatimia, na mti unaobaki ni kuni kama kuni nyingine. Hauiti radi. Ninaling'ang'ania hili kwa sababu imani hiyo hiyo huhamishiwa kwa binadamu: mtu kapigwa na radi, wenzake wanaogopa kumgusa wakidhani ana umeme mwilini, na dakika zile ndizo alizokuwa anahitaji mikono yao. Mwili wake hauna umeme. Mguseni. Kama hapumui, anzeni mara moja kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka, na kumpulizia pumzi kama yupo anayejua, huku mwingine akiita chombo cha kumpeleka hospitali. Moyo uliosimamishwa na radi mara nyingi unaweza kurudi ukisaidiwa mapema. Hata anayeinuka mwenyewe na kusema hana neno apelekwe hospitali ya King Fahd, Lamu, apimwe moyo na masikio.

Na ule usemi kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili, nao usiutegemee. Mti mrefu unabaki mrefu.

Kuhusu bahari na samaki, tulieni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo mkondo unatawanyika kwenye uso wa maji na kufifia upesi. Samaki aliyekuwa juu kabisa, pale pale, anaweza kufa; aliye chini hana habari. Radi haiachi sumu majini. Inaacha mbolea kidogo, kwa kuwa joto lake huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani, na mvua hushusha mchanganyiko huo kama naitreti. Dunia nzima, radi hutengeneza naitrojeni ya namna hiyo kama tani milioni 5 kwa mwaka, kidogo mno ukilinganisha na kazi ya bakteria wa udongoni. Kwa hiyo wanaosema mvua ya ngurumo inanenepesha shamba hawakosei, wanazidisha tu.

Niruhusu jambo moja ambalo hukuniuliza. Hata siku ya jua kali la kaskazi, mbingu haina wingu, hewa mnayoivuta pale Mkanda ina umeme: kama volti 100 kwa kila mita ya kimo karibu na uso wa nchi. Tofauti kati ya ardhi na tabaka la ayonosfia huko juu ni kama volti 250,000, na dhoruba za dunia nzima ndizo zinazoijaza kila siku. Walioupima umeme huo vizuri walikuwa ndani ya jahazi la mbao lililoitwa Carnegie, mwanzoni mwa karne ya 20, wakakuta kwamba umeme huo hupanda na kushuka kwa saa ile ile baharini kote, kilele chake kikiwa kama saa nne usiku kwa saa zetu. Haudhuru mtu wala mti. Ila ujue radi iliyopasua mkoko wenu ilikuwa na kazi nyingine pia.

Turudi kwa mwenyekiti. Naelewa hesabu yake: boriti ni pesa, na shimo katikati ya msitu halipendezi machoni pa mgeni aliyetoa fedha. Lakini duara hili si kidonda cha kutibiwa. Msitu wa mikoko hujifanya upya kwa njia hii. Kivulini miche hukaa miaka bila kukua, ikingoja mwanga. Radi ikifungua paa, ile iliyosalimika huanza kukimbia juu, na mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zikiwa bado mtini, huletwa na maji na kunasa kwenye mizizi iliyokufa. Miti mikavu iliyosimama inawapa kivuli kidogo na kuvunja mawimbi. Ukiingia na mapanga na watu kumi, mnakanyaga miche iliyokuwa tayari na umri wa miaka mitatu au minne ili mpande ya miezi mitatu. Na tope la hapo limelegea, mizizi inayolishika inaoza. Kulikanyagakanyaga sasa ni kulishusha, na tope likishuka sana maji yatakaa, mche utazama.

Juu ya hayo, kukata mikoko kunahitaji kibali cha Shirika la Misitu, KFS, na "ulikuwa umekauka" si kibali. Nawe mwenyewe unajua mnunuzi wa boriti atakavyoutazama mti wenye ufa.

Ushauri wangu ni mpige vigingi vinne ukingoni, mpige picha kutoka kila kigingi, mhesabu miche iliyo hai ndani ya duara, aina kwa aina, halafu mtoke. Rudini baada ya miezi sita, picha kutoka pale pale, hesabu tena. Miche ikiwa inaongezeka, msiguse kitu. Ikiwa baada ya mwaka na zaidi ni tope tupu, hapo kupanda kuna maana, na mpande aina zile zile zilizokuwapo, kama mkoko na mkandaa (aina nyingine ya miti hiyo), si ile iliyo rahisi kwenye kitalu. Miche yenu ya sasa ipelekeni mahali palipofyekwa na binadamu, ambapo hakuna mti mama wa kudondosha mbegu. Mfadhili mwenye akili mtamfurahisha zaidi kwa daftari la hesabu kuliko kwa safu za miche iliyonyooka.

Sasa nafsi zenu. Pwani yetu haipigwi na radi kama Kisii au Kakamega, ambako bonde la Ziwa Viktoria hutengeneza dhoruba karibu kila alasiri. Lakini uchache huo ndio unaotulevya. Miezi ya kuangalia ni ile pepo zinapobadilika, masika yanapoingia na wakati wa vuli. Mchana mawingu hujikusanya upande wa bara, na usiku kuelekea alfajiri hujengeka baharini. Ukiona umeme ukimulika mbali bila sauti, ni dhoruba ya kawaida iliyo mbali mno kwa masikio. Ikianza kusikika, imeshafika umbali wa kukupata. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, kazi imekwisha, ondokeni. Na msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, kwa maana wengi hupigwa mvua ikiwa imeshakatika.

Mkikutwa mkondoni hamna pa kukimbilia, shusheni tanga, kaeni chini katikati ya chombo, mbali na mlingoti na chochote cha chuma, mikono isiwe majini, wala msijitupe majini. Kujificha chini ya mkoko mrefu ni kosa, umeshaona duara. Mwenye mashua ya kazi anaweza kufunga waya mnene wa shaba kutoka ncha ya mlingoti ukashuka moja kwa moja hadi bamba la shaba lililo chini ya maji. Si jambo jipya: meli za kivita za Uingereza zilifungwa mfumo wa namna hiyo katika miaka ya 1830. Haukuzuii kupigwa. Unaupa mkondo njia ya kupita badala ya kutoboa mbao. Usiufunge kwa kubahatisha, maana waya uliokatika katikati ni hatari kuliko kutokuwa nao. Tafuta fundi anayejua.

Simu haivuti radi. Iwe mfukoni, iwe mkononi, haina kimo wala nguvu ya kuita kitu. Iliyochomekwa ukutani inachaji wakati wa ngurumo ndiyo muichomoe, kwa kuwa umeme huingia kwa waya.

Kuna hali tatu ambazo jibu la maandishi halitoshi. Duara likiendelea kupanuka baada ya mwaka mmoja, mauti yakionekana yamefuata mkondo, au mkikuta mafuta au harufu ya kemikali kwenye mizizi, msingoje. Nendeni ofisi ya KFS Lamu, na muombe watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, waje wachukue sampuli za tope na maji. Chukueni picha zenu zenye tarehe na lile daftari la miche, na mwende na mmoja wa wale vijana.